Kesho Saa Nne Itatoka

"Moja, mbili, sukuma!" Nikikumbuka utoto wangu Buyenzi, sauti hiyo ndiyo inayotangulia, kabla ya adhana na kabla ya nyundo za mafundi. Sisi hatukugusa mpira kabla ya kusukuma magari. Kiwanja chetu cha basketi kilikuwa nyuma ya garaji za Avenyu ya Kumi na Mbili, na mafundi, kwa kukosa nafasi, waliyalaza humo magari ya wateja. Ikifika saa kumi jioni, wasichana kumi wa timu ya mtaa, suruali ndefu, vitambaa kichwani, tulijipanga nyuma ya gari, mmoja akashika usukani, tukayatoa moja moja hadi barabarani. Mazoezi yakiisha tuliyarudisha. Ndivyo tulivyoelewana na mafundi, na hakuna aliyeona ajabu. Mikono yetu ilinuka grisi hata wakati wa kula, na mama alinisugua viganja kwa sabuni na majivu, huku akilalamika kwamba nitaishia kuolewa na kamioneti.

Baba yangu, Fundi Saidi, alikuwa mmoja wa mafundi hao. Kwa mikono, hakuna aliyemfikia mtaa mzima. Kwa mdomo, Mungu amsamehe. Kila mteja aliyemletea gari aliambiwa neno lile lile: "Kesho saa nne itatoka." Kesho saa nne mteja alikuta injini yake iko chini juu ya gunia, na Baba anamkaribisha chai ya tangawizi, anamuuliza hali ya watoto, kisha anamwambia kesho saa nne itatoka. Watu walicheka. Hata nyumbani, bati likivuja, mama alisema tusubiri kesho saa nne. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilimpenda baba yangu, na niliamini kwamba wateja ndio wasiokuwa na subira.

Kiangazi kile mafundi walianza kukidai kiwanja chote. Magari yalikuwa yameongezeka, na sisi, walisema, tulikuwa watoto wa kike wanaocheza tu. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu na mtu wa kupenda amani, akakata shauri mbele ya wote. Jumapili tulikuwa na mechi ya mwisho ya kuingia ligi ya mji, dhidi ya wasichana wa mtaa wa Mutanga Nord. Tukishinda, magari yatatoka moja kwa moja, kwa sababu timu ya ligi haiwezi kukosa kiwanja. Tukishindwa, kiwanja kitakuwa cha garaji. Baba alikuwepo shauri lilipokatwa, na alipiga makofi kuliko wote.

Jumamosi jioni tulikwenda mazoezini tukakuta kamioneti ya mizigo katikati ya kiwanja, juu ya mawe, magurudumu yote manne yameng'olewa. Gari la namna hiyo halisukumwi. Asha, aliyekuwa mrefu kutuzidi wote na mwenye akili ya haraka, akasema, "Tupeleke habari Mutanga leo leo. Kocha wao alisema tukikosa teren ya kuchezea, twende kwao." Lilikuwa jambo jepesi, safari ya baiskeli tu. Lakini kamioneti ile ilikuwa kazi ya baba yangu, na mimi nilikuwa kapteni. Nikainama. Yeye alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Baba, kesho saa tano tuna mechi hapa."

"Kesho saa nne itatoka, mwanangu. Wallahi."

Nikarudi kwa wenzangu na kichwa juu. "Apana, hatuendi Mutanga. Baba amesema."

Saa nne ikafika, ikapita. Saa tano wasichana wa Mutanga Nord wakashuka kwenye basi dogo, jezi zao zinafanana hadi soksi, na refa mwenye filimbi shingoni. Kamioneti ilikuwa pale pale. Baba akatoka chini yake akijifuta mikono, akaeleza kwamba beringi inatoka Uvira, na mtu anayeileta bado hajavuka mpaka. Sisi kumi tukajaribu kulinyanyua gari lile. Ee, kulinyanyua! Tuliweka mabega, tukahesabu moja, mbili, mpaka Asha akachubuka bega, na lile gari halikutikisika. Refa alingoja nusu saa, akaandika kwenye karatasi yake kwamba tumeshindwa. Asha hakunitukana. Alinitazama tu akasema, "Baba amesema, eeh?" Wiki iliyofuata mafundi walifunga mnyororo kwenye nguzo ya goli letu, wakaanza kunyanyulia injini.

Linalonikera mpaka leo si gari. Magari huharibika. Linalonikera ni kwamba Jumamosi ile Baba alijua beringi haijavuka. Angesema "haitatoka," tungekwenda Mutanga. Neno moja tu! Najua hakuwa na nia mbaya. Baba hawezi kuona uso wa mtu ukinuna mbele yake, basi huuchangamsha leo, na kesho yake mtu ajue mwenyewe. Nimemwelewa vizuri kabisa, na bado nakasirika.

Mwezi uliopita ambreyaji ya gari langu, yaani klachi, ilikufa, nikalipeleka kwa nani tena kama si kwake. Amezeeka, lakini bado yuko pale pale, na gari langu likalazwa chini ya nguzo ile ile, giaboksi ikining'inia kwenye mnyororo. Nilimkuta akimwambia mteja kwa fahari, "Huyu binti yangu alikuwa kapteni hapa hapa!" Kama vile yeye alikuwa shabiki wetu. Nikamwambia kwamba kesho saa tano Salma, binti yangu, ana mechi ya basketi, na wapi? Mutanga Nord.

"Kesho saa nne itatoka," akasema.

Salma, aliyekuwa kando yangu, akarukaruka. "Babu amesema!"

Nikatoa simu mbele ya Baba, nikamwita dereva wa tuk-tuk aje kesho saa nne asubuhi, kwa sauti ya juu makusudi. Baba akaokota spana, akaifuta kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

Kesho yake Salma na wenzake walishinda, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alasiri tukapita Buyenzi. Gari langu lilikuwa barabarani, juu ya magurudumu yake, limeoshwa, na Baba ameketi kwenye usukani amevaa kanzu yake ya Ijumaa.

"Ilitoka saa tatu na nusu," akasema. "Nilitaka kuwapeleka mi mwenyewe."

"Sasa mbona hukupiga simu?"

"We ulikuwa umeshaita tuk-tuk."

Yaani miaka yote ile, wateja wote wale, na siku ya kutimiza neno lake anachagua ile niliyoacha kumwamini! Nilitaka kumwomba radhi na kumgombeza kwa pumzi moja. Tukapanda. Akauliza kama Salma ameshinda, nikamwambia ameshinda.

"Mi sikuiona mechi yake," akasema.

"Hata yangu hukuiona, Baba. Hakuna aliyeiona."

Baba akazungusha ufunguo, na gari likawaka mara moja.