Mtaa wa Vyoo

Mtaa wetu, pembezoni mwa Kolwezi, ungepaswa kuwa msafi kuliko yote nchini, maana kila nyumba inachimba choo. Muulize jirani nyundo inayogonga chumbani mwake ni ya nini, atakujibu bila kupepesa macho: "Njo choo tunachimba, tata." Ndiyo choo, eti! Choo gani hicho, sebuleni, nyuma ya pazia, na wanaume wanne wakipokezana kamba? Wakati huohuo watoto wao wanajisaidia mtaroni.

Tangu ijulikane kwamba jiwe jeusi la kobalti liko chini ya vitanda vyetu, watu wamemiminika kutoka kila pembe ya Kongo. Mtu anafika leo na mabati matatu, kesho ameegemeza kibanda chake kwenye ukuta wako, kesho kutwa anachimba chini ya nyumba zote mbili. Wapumbavu watupu. Mimi nilihamia mjini, nikapata kazi ya ofisi, na siwezi kuficha kwamba niliwadharau kwa moyo wangu wote.

Mama alibaki kule na mdogo wangu wa kiume. Siku nilipoona ukuta wa chumba chake umepasuka kiasi cha kupitisha mkono, nilijua majirani wamefika chini yake. Jumamosi nikakodi gari dogo la mizigo, nikaenda kumhamisha kabla nyumba haijamwangukia.

Nilimkuta jikoni. Masufuria yote yalikuwa nje. Mahali pa mbabula, jiko lake la makaa, palikuwa na shimo, na mama, mwimbaji wa kwaya, alikuwa amejifunga kamba kiunoni.

"Mama, njo nini hii?"

"Mudogo yako eko chini. Vuta kwanza, maulizo nyuma."

Nilivuta na viatu vyangu vya ofisi, nikimtukana mdogo wangu, nikiwatukana majirani. Udongo ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye ufa wa ukuta.

Kilichotoka kwanza ni gunia. Nikalifungua, nikachukua jiwe moja, nikaligeuza penye mwanga nione kama ni jeusi vya kutosha. Mama naye akainama kutazama. Tulikuwa bado tunalitazama tuliposikia sauti ya mdogo wangu kutoka chini, ikiomba kamba.