Injini Iliyosingiziwa Kifo

Ofisini kwao, idara ya maji, walimwita Milimita, na jina likamkaa kama kofia ya kupimwa. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za mabomba. Akikuambia mlango wako umepinda, usibishane naye, katafute seremala.

Kwa miaka minne Milimita alikuwa akiunda gari la michezo nyuma ya nyumba yake. Lilikuwa la viti viwili, chini kabisa, ukiingia unajikuta umekaa kama mtu aliyeketi mkekani. Fremu na bodi ya faiba vilikuja ndani ya kreti moja pamoja na kitabu cha michoro, na vilivyobaki kitabu kilimwachia ajitafutie. Akatafuta kweli. Redieta aliitoa kwenye gari dogo lililogongwa. Springi alizichagua mojamoja kwa Mzee Nati, muuza spea za mtumba. Bawaba za milango alizirudisha mara tatu kwa sababu zilizidi kwa unene wa ukucha.

"Wewe ungezaliwa pacha," Mzee Nati alimwambia, "ungemrudisha mwenzako kwa kutolingana."

Kilichomshinda ni injini. Kitabu kilitaka injini inayokaa kwa urefu, yenye giaboksi ya kusukuma magurudumu ya nyuma.

"Hizo zimeadimika, bwana," Mzee Nati alisema. "Ukiipata nzima, ifunge kamba isikutoroke."

Sasa, Milimita alikuwa na dada yake mkubwa, nesi wa wodi ya wazazi, aliyefiwa na mume mwaka uliotangulia. Shemeji aliacha gari la kizamani, limefunikwa turubai ubavuni mwa nyumba. Tangu azikwe halijawashwa, na dada alikuwa akienda kazini kwa miguu, karibu saa nzima kwenda na nyingine kurudi. Jumamosi moja akamwita mdogo wake.

"Njoo unitazamie gari la shemeji yako. Wewe ndiye mtu wangu wa vyuma."

Milimita alifunua boneti, akainama. Injini ile ile ya kwenye kitabu ilikuwa mbele ya macho yake. Akavuta kijiti cha oili, oili safi. Akafungua plagi, akapima mgandamizo, silinda zote nne zikasoma sawasawa. Ugonjwa aliuona baada ya dakika kumi. Petroli ilikuwa imechacha, na pampu yake imeziba. Kazi ya asubuhi moja.

Dada akatokea mlangoni na kikombe cha chai.

"Vipi, mdogo wangu?"

"Imekufa, dada."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Neno lilimtoka kabla hajalikagua, yeye aliyekuwa anakagua hata misumari.

"Kabisa?"

"Kabisa. Ndani imeliwa."

Dada alikiangalia kile kikombe. "Basi na yenyewe imemfuata mwenyewe," alisema. Kisha akampa chai.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa urahisi wa kutisha. Milimita alimwambia anaweza kuichukua injini hiyo na giaboksi yake, aitoe vipande vya kujifunzia, na dada akasema chukua, itanifaa nini mimi? Siku ya kuing'oa alimletea glavu za marehemu ili asiumie mikono, na akashika upande mmoja wa kitoroli mpaka getini. Milimita hakuweza kumtazama usoni. Alijiambia kwamba dada hajui kuendesha, kwamba gari lingeozea pale pale. Alijiambia hivyo kila alipokaza boliti, na zilikuwa nyingi.

Mke wake alimuuliza mara moja tu. "Hii si injini ya wifi? Si ulisema mbovu?"

"Nimeitengeneza."

"Lini?" Milimita aliokota spana, akarudi chini ya gari.

Siku ya kuiwasha walikuja wenzake wa ofisini, majirani na Mzee Nati. Injini iliwaka mara ya kwanza. Watu wakapiga makofi, mmoja akapiga mluzi. Katikati ya kelele hizo dada akaingia, katoka zamu, bado na sare, viatu vimejaa vumbi. Alikuja kumpongeza mdogo wake.

Mzee Nati alikuwa ameinama sikio karibu na chuma. "Bwana wee, ina uzima huu! Umeitoa wapi?"

"Imetoka kwangu," alijibu dada. Kisha polepole, "Ilikuwa imekufa. Umeifufuaje, mdogo wangu?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Badala yake alisema, "Nilibadilisha pistoni, dada."

Mzee Nati akatazama boliti za kichwa cha injini. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado imezishika, hakuna spana iliyowahi kuzigusa. Akamtazama Milimita. Akajifuta mikono na kuaga mapema. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha alikuwa ameshaiona.

Kesho yake Milimita alikwenda kwa dada kwa miguu, kama dada alivyokuwa akienda kazini. Alimkuta anaanua nguo.

"Dada, nilikudanganya. Ilikuwa nzima. Pampu tu ilikuwa imeziba. Niliitamani."

Dada aliendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe.

"Nilijua jana," alisema. "Ulipotaja pistoni. Ukisema uongo huwa unajikuna kidevu, tangu mtoto." Akaweka shuka kwenye beseni. "Unajua kwa nini nilikuita siku ile? Nilikuwa nimepata leseni. Miezi mitatu najifunza, sijamwambia mtu. Nilitaka nikija kwenu, unione mimi ndiye nimeshika usukani."

Milimita alitamani ardhi ipasuke. Ingekuwa nafuu kama angemtukana.

Ilimchukua wiki tano kurudisha kila kitu: injini, giaboksi, hata kibano cha waya. Pampu akaweka mpya. Alimkabidhi dada ufunguo, dada akasema asante, kama unavyomwambia mtu aliyekufungulia mlango. Ofisini walipouliza gari la michezo limeishia wapi, mwanzoni alisema anasubiri spea. Baadaye akachoka. "Injini niliichukua kwa dada yangu kwa uongo. Nimeirudisha," alisema. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Mvua ilimkuta barabarani mwezi uliofuata. Gari likasimama kando yake, mlango ukafunguliwa.

"Panda, utalowa."

Dada aliendesha vizuri, kwa utulivu, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Sema tu," alisema ghafla. "Nakuona unasikiliza."

"Sisikilizi kitu, dada."

"Gia ya pili inakwaruza?"

"Kidogo," alikiri Milimita.

"Sawa," dada alisema, macho barabarani. "Nitampelekea fundi wangu aitazame."