Babu Aliposhuka Korongoni

Siku niliyoogopa kuliko zote katika maisha yangu ilikuwa ya jua kali, nikiwa na babu yangu, tukitoka mazikoni.

Babu alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja. Alizaliwa Busi, kijiji cha Kondoa, kwenye nyumba ya tembe yenye paa la udongo, akasoma mpaka chuo kikuu, akaitumikia serikali hadi akastaafu na kujenga Miyuji, Dodoma mjini. Mimi nililelewa katika nyumba hiyo. Ukuta wowote mpya ukijengwa mtaani kwetu, ilikuwa lazima apite augonge kwa kidole na kuusikiliza, mwenye nyumba akisubiri kama mgonjwa mbele ya daktari. Majirani waliendelea kumwita Injinia. Mimi aliniita mchumba, kwa ule utani wa babu na mjukuu, na hakuacha hata nilipokuwa mtu mzima mwenye kazi na gari langu.

Dada yake mkubwa alipofariki, nilimpeleka Busi kuzika. Tukiwa msibani aliniuliza marehemu ni nani. Nikadhani ni majonzi. Wakati wa kula akauliza tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, na shangazi aliyekaa karibu yetu akabaki na tonge mkononi, ananitazama.

Tuliondoka mchana. Upande wa milimani mbingu ilikuwa nyeusi, ingawa sisi tulikuwa juani na vumbi linatufuata. Tukafika kwenye korongo lenye daraja dogo ambalo babu alisimamia ujenzi wake alipokuwa kijana. Chini yake palikuwa na mchanga mkavu tu.

“Simama hapa,” akaniambia. “Nataka kuliona daraja langu.”

Nikasimama, nikidhani ataliangalia kutoka juu, nimpige picha, tuendelee na safari. Nikainama kutafuta simu kwenye mkoba. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshateremka ukingoni, anatembea mchangani kuelekea kwenye nguzo ya katikati. Nilimwita. Hakugeuka.

Ng'ambo ya korongo alikuwapo mzee mmoja akichunga mbuzi. Alianza kuwaswaga mbuzi wake wapande juu, haraka, kisha akanipigia kelele: “Mama, mtoe huyo mzee. Maji yanakuja.”

Mtu wa Kondoa hahitaji kuelezwa maneno hayo. Mvua inanyesha milimani, huku chini watu wanaanika alizeti, halafu korongo linajaa kwa mara moja na kubeba ng'ombe na miti. Nilivua viatu nikateremka. Mchanga ulikuwa unaunguza na miguu ilikuwa inazama.

“Babu, twende. Maji yanakuja.”

Aliniangalia kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, upole wa mtu anayeongea na mgeni. “Dada, tafadhali usisimame hapa, ni eneo la kazi. Umetoka ofisi gani?”

Nilimshika mkono, akauvuta. Alikuwa mzee wa miaka mingi lakini mkono ule ulikuwa bado na nguvu. Akapapasa nguzo na kuniambia kuna ufa, vijana wameharakisha kutoa mbao kabla zege halijakauka. Nikaanza kulia. Ndipo nikausikia mngurumo, kama lori zito linalokuja kutoka mbali, na upepo baridi wenye harufu ya udongo ukatupiga usoni.

Babu naye aliusikia. Aligeuza kichwa upande wa juu wa korongo, na uso wake ukabadilika. “Maji,” akasema. “Mchumba, panda.” Akanisukuma mbele yake. Tulitambaa ukingoni kwa mikono na magoti, nikateleza, akanishika kwa gauni. Tulipofika juu maji mekundu yalikuwa yanapita chini yetu yakibingirisha magogo, na ile sehemu tuliyosimama haikuonekana tena.

Alikaa chini kando ya gari, suruali imechanika gotini.

“Nilikuwa nafanya nini kule chini?” aliniuliza.

“Ulikuwa unakagua daraja, babu.”

“Sikumbuki kushuka,” akasema. “Naogopa. Daraja likipata ufa nauona. Huu wa kwangu siuoni.”

Hospitalini Dodoma daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba hautarudi nyuma. Tangu hapo nyumba yetu iliishi kwa hofu. Tulifunga geti mchana na usiku. Kikombe kikianguka jikoni, wote tulikimbilia chumbani kwake. Siku nyingine aliniamkia shikamoo, mimi mjukuu wake, na ilinibidi niitikie marahaba kwa sababu nilipokataa alikasirika. Siku nyingine akili ilimrudia asubuhi nzima, akaniomba nisimwache peke yake, na siku hizo ndizo zilizonitisha zaidi, maana alikuwa anajua kinachompata.

Alifariki adhuhuri moja kitandani kwake, baada ya kunywa uji kidogo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yangu. Hakuwa na hofu usoni. Mimi hofu yangu ilibaki. Wiki nyingi baada ya arobaini niliendelea kutoka kazini mapema na kwenda mbio mpaka nyumbani, na nilipofika nilisimama mlangoni, nikisikiliza kama kuna anayetembea ndani.