Kidole Kisichoshika Tofali

Watu wanamwita Sista Barafu, na mimi mama yake mdogo siwalaumu. Tulipomzika dada yangu, yaani mama yake mzazi, mimi nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Yeye macho makavu. Alinipa maji, akanipima presha, akaniambia nikae kivulini.

Alianza chini kabisa, mhudumu wa wodi, kazi ya ndoo na fagio. Akasomea uuguzi, akakaa wodi ya wazazi, akahamia chumba cha dharura, kisha akarudi chuo wakati wenzake wanawaza kustaafu. Huko akapewa kibali cha kupima wagonjwa na kuwaandikia dawa mwenyewe, bila kumsubiri daktari. Ndipo akafungua zahanati. Baba yake, fundi mwashi, alikuwa ameacha kujengea watu, lakini ya mwanawe akaijenga. Kila tofali la kuta zile limepita mikononi mwake. Mlangoni wakaandika BIMA YA UMMA INAPOKELEWA. Zahanati nyingine za mtaani zilishayafuta maneno hayo, kila moja na kisingizio chake. Mwanangu alisema tu, "Hapa yatabaki."

Mimi nipo mapokezi. Kadi ya bima peke yake haitoshi, lazima mgonjwa aweke kidole kwenye mashine, ikubali kwamba ndiye. Sasa hiyo mashine, jamani! Kidole cha karani inakisoma upesi. Akija mfua nguo au mwashi, ngozi imelika, inawasha taa nyekundu, eti hakuna mtu kama huyo. Mimi huwa naitukana. Sista Barafu hutoka chumbani kwake, hacheki wala hanuni, anakifumbata kidole cha mgonjwa kati ya viganja vyake mpaka kipate joto, anakifuta kwa kitambaa chenye unyevu, anakibonyeza taratibu. Mara nyingi inakubali.

Asubuhi ile shemeji yangu, fundi mwenyewe, aliingia ameshika kifua, jasho linamtiririka, uso umekuwa rangi ya saruji. Mwanangu akamlaza, akampa kidonge cha kutafuna, akamwekea oksijeni, akampima. Kisha akaniambia kwa sauti ileile anayoagizia pamba, "Mama mdogo, ita gari. Ni moyo. Hapa hatumuwezi."

Gari lilikuja. Lakini hospitali kubwa wakajibu kwa simu kwamba bila kibali cha bima hawampokei, na kibali hakitoki bila kidole. Tukaisogeza mashine kitandani. Kidole gumba, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Dereva amesimama mlangoni anachezea funguo. Nikapandwa na hasira.

"Mtu kazijenga kuta hizi, leo mashine inamwambia hayupo! Wapigie uwatukane, mwanangu, au nipe mimi hiyo simu!"

"Nikiwatukana, nani atampokea?" Wala hakuacha kukisugua kidole cha baba yake.

Kisha akainama sikioni mwa baba yake. "Baba, kidole gani hakishiki tofali?"

Nilidhani akili imemruka. Lakini mzee, pamoja na maumivu yake, alitabasamu, akainua kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hicho alikisimamisha maisha yake yote, akishika tofali, akishika kikombe cha chai. Mafundi wenzake walikuwa wakimtania, "Bwana mkubwa huyo, hata tofali analishika kwa adabu!" Mwanangu akakipasha joto, akakifuta, akakibonyeza.

Taa ya kijani.

Nilipiga vigelegele peke yangu kama mwehu. Yeye akachukua kibali, akapanda gari na baba yake, mlango ukafungwa.

Walimpokea. Alilazwa, daktari wa moyo akamwona, na kesho yake mchana akafa. Nikamuuliza mwanangu, "Je, mashine ingekubali mapema, tungewahi?" Akasema, "Sijui." Akazikunja nguo za baba yake moja moja, akazitia kwenye mfuko.

Nilimkasirikia, nisiseme uongo. Makaburini watu walimtazama yeye kuliko walivyolitazama jeneza, na nyuma yangu mtu akanong'ona, "Huyu ana moyo kweli?" Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Mimi niliungoja huo mshindo mpaka tumetawanyika, sikuusikia.

Tulipofungua tena zahanati benchi lilikuwa limejaa, na mbele kabisa amekaa mama mmoja mfua nguo, mikono ameificha ndani ya kanga. Nilimpelekea mwanangu chai. Akainywa amesimama dirishani, uso uleule wa siku zote. Nikautazama mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kimesimama wima pembeni ya kikombe, mwenyewe hana habari. Sijui kama siku zote alikuwa nacho vile au kilianza siku hiyo.

Machozi yakanitoka palepale.

"Mama mdogo, una nini?"

"Sina kitu. Kunywa chai yako."

Akanitazama, akakitazama kikombe, akakiweka chini.

"Mwite yule mama," akasema, akaanza kusugua viganja vyake vipate joto.