Agano Nililoliandika Guangzhou

Siku yangu ya kwanza kazini katika chuo kikuu kimoja cha Guangzhou, China, Mkuu wa Idara ya Historia alinikabidhi vitabu vitatu. "Utafundisha Wapuritani," akasema. Nilidhani nimesikia vibaya, kwa maana shahada yangu ya uzamivu ilihusu reli ya kwetu. "Wewe ni Mkristo," akaongeza. "Sisi wengine hapa hatujui hata kusali." Basi mimi, mtu wa Njombe, nikaanza kuwasimulia vijana wa Kichina habari za Waingereza walioonewa kwa imani yao wakahamia Amerika.

Nilianza na agano, yaani mapatano ya waumini mbele ya Mungu kwamba watakuwa jumuiya moja na kuonyana. Mtu hakupokelewa kanisani mpaka asimame mbele ya wote na kueleza jinsi Mungu alivyomgusa. Aliyekaidi aliweza kufukuzwa mjini. Mkuu aliyefuata alipenda vyanzo vya msingi, yaani maandishi ya watu wa wakati ule wenyewe. "Wasomeshe barua na kesi," alisema. "Maoni yako baki nayo." Nikabaki nayo.

Jumapili nilisali na wafanyabiashara wa Kitanzania katika chumba tulichopanga karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu. Mzee wa ushirika akaniomba, "Mwalimu, wewe ndiye msomi. Tuandikie kanuni." Nikaandika agano kama lile la Wapuritani. Kifungu kimoja kilisema anayegawanya kundi ataonywa, na akikaidi atatengwa.

Mama Neema, mnunuzi wa jinzi kule Xintang, mji wa viwanda vya nguo, alikuwa akiwakusanya akina mama kwake kila Alhamisi kujadili mahubiri. Siku moja akasema mzee amelielewa andiko kinyume. Akaitwa mbele ya ushirika.

"Nani kakupa ruhusa ya kufundisha?" mzee alimuuliza.

"Sifundishi, Mzee. Tunaulizana tu."

"Utaacha?"

"Kuulizana? Hapana."

Niliombwa nisome kifungu, nikakisoma. Mikono ikanyoshwa kukubali atengwe, wangu ukiwemo. Mama Neema akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Wiki hiyo hiyo binti mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, hawa walikimbia kuonewa. Mbona nao walionea?" Miaka yote nilikuwa na jibu la swali hilo. Siku ile sikuliona. Nikalivunja darasa mapema, nikaenda Xintang.

Nilimkuta Mama Neema akikagua mishono ya suruali.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu kiti."

"Marahaba. Nimekuja kuomba radhi."

"Nimeshasamehe. Ila niambie, uliponyosha mkono, uliamini nimekosa?"

"Sijui, mama. Niliona wenzangu wamenyosha."

Akaikunja ile suruali taratibu. "Heri ungeniambia uliamini."

Nilimwomba mzee akifute kifungu kile. Akanitazama kwa mshangao. "Lakini Mwalimu, si maneno yako haya?" Hakikufutwa.

Sasa nimestaafu. Alhamisi nakaa na akina mama Xintang, Jumapili nasali na mzee, na kila upande hudhani niko pamoja nao. Vijana mnaosoma haya mtasema mtu aliyefundisha habari hizi maisha yake yote angepaswa kujua asimame wapi. Nami nilidhani hivyo.