Inswa Ndani ya Kofia ya Bwana Kamba

Kabla hamjaisikia kwa wengine na chumvi yao (chumvi yangu peke yake inatosha chungu cha harusi), acheni niiseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi niliyejaza inswa, kumbikumbi wa kwetu, ndani ya kofia ya mzungu, mchana kweupe, kambi nzima ikitazama, nikiwa na kravati shingoni na koti jeupe la shemeji yangu. Aibu ile ninayo mpaka leo, naitunza vizuri, pamoja na koti, maana shemeji alikataa kulichukua.

Kila nyumba ya kambi yetu ya wafanyakazi, hapa Elisabethville, ilikuwa na kipande cha udongo mbele ya mlango, na amri ilikuwa maua, tena kwa mistari iliyonyooka. Msimamizi tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu alitembea na kamba ya kupimia mistari, na nafikiri alilala nayo pia. Sasa mbele ya mlango wangu kulikuwa na kichuguu, na si kichuguu cha mchezo, ni mlima: mwezi wa saba, baridi ikiuma na vumbi jekundu likiingia mpaka ndani ya chai, nilipanda juu kuota jua na nikaona mpaka Kilwa yetu ya Katanga, mbali kule, na ziwa lake lote. Wengine walibomoa vyao. Mimi nilipanda maua juu ya changu, kuzunguka kuzunguka kama nywele za bibi arusi, nikayanywesha kiangazi chote maji ya kunawia, na mwezi wa tisa, miti ya porini upande wa Luano ilipotoa majani yake mapya mekundu, mlima wangu nao ukawaka. Nikitoka kazini nilisalimia mlima kwanza, ndipo mke (alilalamika mwenyewe, mbele ya watu).

Bwana Kamba hakupenda. "Maua hapana panda mulima," alisema. Mwisho tukakubaliana: siku ya mashindano ya bustani, juri ya wazungu, yaani waamuzi, ikiupenda mlima wangu, unabaki, isipoupenda, Jumatatu majembe. Basi mimi, niliyemaliza masomo ya jioni na cheti changu kiko ukutani, nikatunga hotuba ya Kifaransa kuutetea. Ilikuwa nzuri sana. Hata mimi sikuielewa yote.

Asubuhi ya siku yenyewe mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa mazito, na juu ya kichuguu niliona vimilango vidogo vimefunguliwa, mchwa askari wamesimama zamu. Kila mtoto wa Katanga anajua maana yake: mvua ikikatika, inswa zitaruka, wale mchwa wenye mabawa, watamu kuliko nyama. Mke wangu aliona pia.

"Baba Ilunga, funika na majani, uache tundu moja, tuweke chungu."

"Chungu katikati ya maua, siku ya juri?"

"Basi utasimama mikono mitupu."

"Nitasimama na hotuba."

Nikaziba vimilango kwa udongo laini, nikavipigapiga kwa kiatu. Hapo ndipo nilipojiua.

Mvua ilinyesha, ikakatika, juri ikafika: wazungu watatu na madamu mmoja. Bwana Kamba alivua ile kofia yake ngumu ya jua kwa heshima ya madamu, akaishika mkononi. Majirani walijipanga kando, kimya kama kanisani, mabeseni nyuma ya migongo, nami nikajifanya sikuyaona.

"Madame, messieurs," nilianza, "la nature..."

Mlima ukapasuka. Inswa zilitoka kama moshi wa bomba la kiwanda, jua likazimika, kuku wa kambi nzima wakaenda kulala. Moja ikaniingia mdomoni katikati ya neno na mimi, mtu wa cheti, nikaitafuna. Ndivyo nilivyolelewa. Madamu alinitazama mpaka nikameza, ikaingia nyingine.

Na desturi yetu ni hii: kichuguu kina mwenyewe, hakuna anayegusa inswa zake, lakini mwenyewe akisimama mikono mitupu wakati zinaruka, ni kama amesema karibuni. Mama Chola, jirani yetu, mwanamke wa heshima, aliuliza kwa adabu kabisa:

"Baba Ilunga, hii kichuguu iko na mwenyewe leo?"

Ningemjibu, lakini mdomo ulikuwa kazini.

"Haiko na mwenyewe," aliwaambia wenzake, na kambi nzima ikaingia ndani ya maua yangu na mabeseni.

Nilihitaji chombo, chochote, maana mwenyewe akishika chombo kichuguu kinamrudia. Mkono wangu ukapapasa, ukapata kitu kigumu, cha mviringo, chenye shimo zuri, nikakinyakua, nikapanda, nikakifunika juu ya tundu kubwa nikisema "Iko yangu, iko na mwenyewe," mpaka kikajaa, na nilipokiinua tope likanivuta miguu, nikashuka mlima mzima kwa tumbo, nimekumbatia chombo changu, nikaishia kwenye viatu vya madamu. Chombo kilikuwa kofia.

Niliinuka. Nikamrudishia Bwana Kamba kofia yake imejaa, na kwa Kifaransa cha shule nikamkaribisha ale: "Servez-vous, monsieur."

Hakula. Alisema neno moja tu, Jumatatu kwa Kifaransa: "Lundi."

"Na weye, Baba Ilunga," Mama Chola alinong'ona, mdomo umejaa, "mutu mukubwa vile, kofia moja tu?"

Jumatatu nilibomoa mwenyewe, mpaka udongo ukawa sawa na meza, nikapanga mawe ya chokaa mistari miwili, kamba ikapita juu yake ikaridhika. Lakini malkia wa mchwa analala chini sana, na jembe langu, sijui kwa nini, lilichoka kabla ya kumfikia.

Nimeapa, na ninyi ni mashahidi: siku ya mvua ya kwanza sitavaa tena koti la mtu. Kwa mengine msiniapishe. Mwaka uliofuata, mvua ilipokatika, Bwana Kamba alikuta mawe yake yamepinda, udongo umevimba katikati, ua moja limejiotea pale bila ruhusa, na mimi nimekaa kando yake kifua wazi, chungu magotini. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Iko na mwenyewe," nilimwambia, kabla hajauliza.