Mtamba Wangu na Nyota za Mkiani

Jumanne, 9 Agosti 1977. Ukungu haukupanda mpaka saa nne. Manyunyu, na baridi ya kung'ata vidole.

Niko likizo nyumbani Endabash. Wiki iliyopita, kule hotelini Ngorongoro ninakofua mashuka, mgeni mmoja Mzungu, mwalimu wa mambo ya nyota, alinipa picha aliyoikata gazetini. Makundi mawili ya nyota, mbali kupita akili, kila moja limejiviringisha kama maji yaliyokorogwa. Yanapishana, na moja limechomoa mkia mrefu wa nyota uliopinda kuelekea la pili. Nikauliza: nani kamwibia nani? Mgeni akacheka. Dereva wake akatafsiri: hakuna mwizi, yanavutana tu, na nyota zenyewe hazigongani, zimeachana mno. Labda dereva alikosea. Mimi niliishia darasa la nne.

Juzi, ng'ombe wetu na wa jirani walichanganyika kwenye magadi wakilamba, na mtamba wangu hakurudi. Jana nikasema kwenye kilabu cha pombe, mbele za watu, kwamba jirani kamficha. Jumamosi wazee wangemweka kikaoni. Leo asubuhi nikaikunjua tena ile picha, neno "mwizi" likanichoma. Nikampelekea jirani, nikamweleza ilikotoka.

Akaishika juu chini. "Mzungu wako anachunga nyota? Zinanywea wapi?"

"Sijui, mzee."

Akaikazia macho. "Hili kubwa limetangulia kuondoka. Hizi za mkiani hazijui zifuate mluzi upi."

"Na mtamba wangu?"

"Yule pale, kamng'ang'ania ng'ombe wangu mwekundu. Aliyepotelewa ndiye huja kuuliza. Wewe uliiuliza pombe."

Haki isemwe: naye angeweza kutuma neno, ni mwendo wa nusu saa. Nilimwambia hivyo.

"Kweli," akasema. "Niliposikia ya kilabuni nilikasirika."

Picha haithibitishi kitu. Ng'ombe si nyota. Ila nilipita kilabuni na mtamba wangu, nikawaambia watu wale wale kwamba nilikosea, na kikao nimekifuta. "Jana si ulikuwa hakimu!" mmoja akanizomea. Nikamswaga mtamba nyumbani.

Mke wangu ameuliza kama zile nyota za mkiani hurudi kwao hatimaye. Sikumuuliza mgeni, najuta.

Jioni tumekula ugali na maziwa ya mgando, kibuyu kizima, kutoka kwa jirani.